Sauti ya Mpingo Katika Santuri za Tarakimu

Mtu aliyesomea misitu Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, huzungukwa na misindano, lakini mpingo pia anaujua. Ubao wa mti huo wa nyanda za joto ni mzito hata huzama majini, nao ndio hutengenezewa klarineti na oboe nyingi za okestra duniani. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake wazisikie ala hizo hutegemea santuri, na hapo huzuka swali la fedha: je, santuri ya bei kubwa huhifadhi sauti vizuri kuliko CD ya kawaida?

Klarineti ipigapo sauti nzito ya mitetemo 200 kwa sekunde, hutoa pia mitetemo ya 600, 1,000, 1,400 na kuendelea. Mitetemo hiyo ya juu ndiyo inayolifanya sikio litofautishe klarineti na filimbi. Sikio la kijana husikia mpaka mitetemo 20,000 hivi. La mwalimu wake halifiki huko.

CD, iliyotolewa na Sony na Philips mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde. Kanuni inataka vipimo vizidi mara mbili ya mitetemo ya juu kabisa inayohifadhiwa. Kwa hiyo CD hutosheleza mpaka karibu 22,000. Wengi hudhani kwamba wimbi linalotoka huwa na vidaraja kama ngazi. Sivyo. Kichujio cha mashine hulirudisha wimbi laini, na ndani ya mipaka hiyo ni wimbi moja tu linaloweza kupita katika vipimo vile. Kila kipimo kina biti 16, yaani viwango 65,536, navyo hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti hafifu na kubwa. Darasa la mabati wakati wa masika haliwezi kuitumia hata nusu yake.

SACD ya mwaka 1999 hutumia biti moja tu, lakini mara 2,822,400 kwa sekunde. DVD-Audio ya mwaka 2000 ina biti 24 na vipimo hadi 192,000. Biti 24 humfaa sana fundi anaponasa muziki, kwa kuwa hajui bado okestra itapanda kiasi gani. Kwa msikilizaji mambo ni mengine. Mwaka 2007 Meyer na Moran wa Marekani walitangaza jaribio ambamo sauti ya santuri hizo ilipitishwa, kwa siri, katika kiwango cha CD. Wasikilizaji walipatia mara 276 katika 554, sawa na kurusha shilingi. Hata hivyo, watafiti hao waliona kwamba santuri nyingi za aina hiyo zilikuwa nzuri kweli, kwa sababu zilinaswa kwa uangalifu zaidi.

Jaribio hili lawezekana darasani. Sauti mbili zisawazishwe kwa ukubwa, kwani iliyo kubwa kidogo tu hudhaniwa kuwa bora. Msaidizi arushe shilingi kuchagua ya kupigwa, na msikilizaji asimwone. Katika majaribio 16, anayebahatisha tu hupatia 12 au zaidi mara 4 hivi katika 100.