Parabrizi imepasuka: tununue ya kiwanda ao adaptable?

Jiwe moja tu linatosha. Fuso yenye kubeba magunia inapanda milima ya juu ya Sake, gari ndogo inaifuata karibu sana, tairi mbili za nyuma zinabana jiwe katikati na kulirusha. Kioo cha mbele kinapata alama ndogo sawa jicho la kuku. Kesho yake, ku mashimo ya njia ya Rubaya, ile alama inakuwa mustari. Juma likiisha, mustari uko mbele ya macho ya shofere.

Kwa watu wa Masisi na Walikale hii si habari ya mafundi peke yao. Mchimbaji akipata feza ya koltani ao ya kasiterite, mara nyingi anaiweka ku moto, na kama mambo yanaenda muzuri, ku gari. Na mwenye hana gari anapanda ya wengine: kupeleka mugonjwa hospitali, kufikisha watoto ku masomo Goma, kurudisha chakula ku nyumba. Kioo cha mbele kinaangaliana na familia nzima.

Siku ya kubadilisha, muuzaji anauliza: unataka orijinali, adaptable, ao okazyo? Wengi wanajibu kwa kuangalia bei tu. Tujaribu kuangalia pia mengine.

KIOO CHA MBELE SI SAWA NA VYA PEMBENI

Kioo cha mlango kikipigwa kinavunjika vipande vidogo vidogo sawa chumvi ya mawe. Cha mbele kinapasuka, lakini kinabaki pamoja, kwa sababu kimetengenezwa kwa vioo viwili vyembamba na karatasi ya plastiki katikati. Asili yake ni ya Mfaransa mmoja, Édouard Bénédictus. Katika mwaka wa 1903 chupa ya maabara ilianguka, ikapasuka bila kutawanyika, kwa sababu ndani yake kulikuwa kumekauka utando mwembamba. Akalifuata lile jambo, na mwaka wa 1909 akaomba hati ya uvumbuzi.

Ule utando wa katikati njo unazuia jiwe lisipite mpaka ku uso, na unazuia abiria asitoke inje gari ikigonga. Basi fundi akitaka kukukatia kioo cha dirisha ya nyumba, juu tu gari yako ina kioo kilichonyooka, ukatae. Hata kama gari inabeba mihogo tu, shofere ni mutu.

TOFAUTI IKO WAPI?

Orijinali ni kile kinachobeba alama ya mwenye kutengeneza gari, kwa mfano Toyota. Lakini tujue: kampuni nyingi za magari hazichome kioo zenyewe. Wanaagiza kwa viwanda vya vioo kama AGC ya Japani, Saint-Gobain ya Ufaransa, Pilkington ao Fuyao ya China. Adaptable ni kioo cha kipimo kile kile, lakini bila alama ya gari. Mara ingine kinatoka ku kiwanda kile kile. Mara ingine kinatoka mahali penye hakuna mutu anapajua.

Kwa hiyo kusema "ya Chine ni mbaya" haitoshi. Fuyao, iliyoanza mwaka wa 1987, inauzia viwanda vikubwa vya magari na inauza pia vioo vya kubadilisha. Adaptable muzuri kuko, mubaya kuko vilevile. Ule mubaya unajionyesha hivi: kona hazikai sawa, upepo unapiga filimbi, maji ya mvua yanaingia, na ukiangalia ndani yake njia inacheza sawa iko chini ya maji. Shofere anayeendesha saa tano ndani ya ukungu wa Masisi na kioo cha namna hiyo, macho yanamuuma na kichwa kinachoka.

SOMA KONA YA KIOO

Mbele ya kulipa, angalia maandishi madogo ya chini ku kona. Tafuta jina la kiwanda. Tafuta herufi E ndani ya duara na namba pembeni: hiyo ni ruhusa ya Ulaya, na namba inaonyesha inchi iliyoitoa, 2 ni Ufaransa, 6 ni Ubelgiji. Ukiona 43R, ni sheria ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari. Namba ya kirumi II inasema kioo kina tabaka mbili za kawaida. Ku vioo vya soko la Marekani utakuta AS1. Kioo chenye hakina jina wala alama yoyote, ukiache ku duka.

Alama inaweza kuigwa, kwa hiyo tumia pia macho. Simamisha kioo, angalia kupitia kwake mustari ulionyooka, sawa nguzo ya umeme ao kona ya nyumba, na usogeze kichwa polepole. Mustari ukipinda mbele ya nafasi ya shofere, omba kingine. Kisha angalia ukingo wote: pahali palipomeguka kidogo, njo pale ufa utaanzia ku njia yetu.

Okazyo nayo ina mambo yake. Mara nyingi ni ya kiwanda kweli, imetolewa ku gari iliyokufa. Lakini weka kioo mbele ya jua: kama wiper zimekichora, usiku taa za gari zinazokuja zitawaka ndani ya ile michoro na shofere hataona kitu. Na kioo kilichotolewa kwa nguvu kinaweza kuwa kimeumia ku ukingo.

KOLE INAWEZA KUHARIBU KIOO KIZURI

Orijinali iliyobandikwa vibaya ni hatari kuliko adaptable iliyobandikwa muzuri. Kuko magari, kama Land Cruiser nyingi za kazi na malori ya zamani, yenye kioo kinashikwa na mupira. Hapo, mupira ukiwa umekauka na kupasuka, ubadilishe pamoja na kioo. Gari ingine nyingi zinatumia kole ya polyuretani. Ku hizo kioo kinasaidia kushika paa gari ikipinduka, na airbag ya abiria inaegemea juu yake ikifunguka. Silikoni ya dirisha haifanye kazi hiyo.

Uliza fundi mambo matatu: kole inaisha siku gani, kutu ya chuma imetolewa ao hapana, na gari itabaki imesimama saa ngapi. Muda unaandikwa ku chupa ya kole, na baridi ya milima inauongeza. Shofere akitoka palepale kuelekea Sake, mashimo yatasogeza kioo mbele kole haijakamata. Na kama jeep ni ya karibuni na ina kamera nyuma ya kioo, chukua orijinali ao chenye nafasi ya kamera kamili, kisha kamera ipimwe upya.

KWA WENYE KUKAA MBALI

Walikale shida ni safari ya kioo chenyewe. Wazee wa Bisie wanakumbuka kasiterite, tangu 2002, ikitoka mu pori ku vichwa vya watu mpaka Njingala, na ndege zikishuka juu ya barabara ku Kilambo kuipeleka Goma. Kioo nacho hakifike kwa urahisi. Mbele ya kukiagiza, piga picha ya maandishi ya kioo cha zamani, andika namba ya shasi na mwaka wa gari, sema volan iko upande gani. Kisafirishwe kimesimama ku ukingo, kimefungwa ku godoro, hapana kulala chini ya magunia.

Na alama ikiwa bado ndogo kuliko feza ya chuma, na haiko mbele ya shofere, weka juu yake papye kolan inayoangaza ili vumbi na maji visiingie, kisha utafute fundi wa kuijaza resini. Usimwagie maji ya baridi kioo chenye jua. Feza ya resini ni kidogo kuliko ya kioo kizima.

TUNACHAGUA NINI?

Kama gari inabeba watu kila siku ku njia ya Masisi, tunasema: orijinali, ao adaptable yenye jina la kiwanda na alama kamili, na kole ya kweli. Kama ni Fuso ya kioo cha mupira, adaptable nzuri inatosha. Okazyo, ikiwa tu haina michoro wala ukingo uliomeguka.

Kinachobaki ni mapatano. Mwenye gari anangoja feza yake ya kila jioni, shofere anaogopa kusimamisha gari siku moja, na ufa unaendelea kukua katikati yao. Afazali mukubaliane mapema nani analipa kioo na gari itasimama siku ngapi. Na wewe mama, papa, unayepanda na mutoto mu mikono, uko na haki ya kuangalia kile kioo mbele ya kulipa nafasi, na kungoja gari ingine.