Ugumba: Kipimo ni cha Mke na Mume

Ndoa inapopita miaka miwili bila mtoto, anayeulizwa kwanza ni mke. Hunyweshwa mizizi, hupelekwa kwa waganga, na wakati mwingine hurudishwa kwao ilhali mume hajapimwa hata mara moja. Kitabibu, ugumba ni kukosa mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara bila kutumia njia ya uzazi wa mpango. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa takriban mtu 1 kati ya 6 hupatwa na hali hiyo wakati fulani maishani. Chanzo huweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili, na mara nyingine hakionekani hata baada ya vipimo.

Kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara, sababu kubwa ni kuziba kwa mirija ya uzazi kutokana na maambukizi. Kisonono na klamidia huanzia kwenye shingo ya kizazi, hupanda hadi kwenye mirija na kuacha makovu yanayozuia yai kukutana na mbegu. Wanawake wengi hawasikii maumivu yoyote, hivyo madhara hugundulika miaka mingi baadaye. Maambukizi baada ya kujifungua, au baada ya mimba kutolewa katika mazingira yasiyo salama, huleta matokeo hayo hayo. Ndiyo maana mama aliyekwisha kuzaa mtoto mmoja anaweza kushindwa kupata wa pili.

Jambo hili si geni katika nchi hii ya Unyamwezi. Wapagazi waliosafiri kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji walikaa miezi mingi mbali na nyumba zao, na maofisa wa wakati wa ukoloni waliandika juu ya uchache wa watoto huku. Wapo wanahistoria wanaouhusisha uchache huo na magonjwa ya zinaa yaliyofuata mienendo ya watu. Njia ya misafara imekwisha, ila safari za kutafuta riziki hazijakwisha: kuna vibarua wa mashamba ya tumbaku, wachimbaji wadogo na madereva wa malori.

Kwa upande wa mume, nguvu za kiume si ushahidi wa uzazi. Mwanamume mwenye nguvu timamu anaweza kuwa na mbegu chache, dhaifu au zisizokuwapo kabisa. Magonjwa ya zinaa huziba njia za mbegu kwake pia. Matubwitubwi yakimpata baada ya kubalehe na kuvimbisha korodani, yanaweza kuziharibu. Sigara, ulevi wa kupindukia na sindano za homoni za kukuza misuli hupunguza mbegu, na baadhi ya viuatilifu vimethibitika kuzidhuru. Mkulima anayepulizia dawa bila glavu wala barakoa anajiweka hatarini.

Sababu nyingine ni mvurugiko wa homoni unaozuia yai kupevuka, uvimbe katika mfuko wa uzazi, unene uliopitiliza na kifua kikuu cha viungo vya uzazi. Kichocho, kinachoambukizwa kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, huweza kujeruhi viungo vya uzazi vya mwanamke. Umri nao una uzito wake: mwanamke aliyefikisha miaka 35 asisubiri mwaka mzima, bali aende hospitali baada ya miezi 6.

Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko uchunguzi wa mirija ya mke, ambao huhitaji picha maalumu. Hata hivyo ndicho kinachoachwa mwisho. Mume hutakiwa kukaa bila kutoa mbegu kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo. Wanandoa waanze pamoja katika zahanati au kituo cha afya cha kata, na wakihitaji uchunguzi zaidi watapewa rufaa hadi hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Ugonjwa wa zinaa ukigundulika, wote wawili hutibiwa kwa wakati mmoja na kumaliza dozi. Akitibiwa mmoja, asiyetibiwa humwambukiza mwenzake upya.