Jalada na Mpangilio wa Kurasa katika Gazeti la Siasa

Makada wengi wanapokabidhiwa kazi ya kutayarisha gazeti la siasa hushughulikia kwanza makala, kisha fedha za mpiga chapa. Jalada huachwa hadi siku ya mwisho. Hapo hutafutwa picha ya kiongozi akikata utepe, jina la gazeti huwekwa juu kwa herufi nene, na kazi huhesabiwa imekwisha. Wako wanaodhani kuwa hili ni jambo la urembo tu. Sivyo. Ni jambo la itikadi, na hapana budi lichambuliwe hivyo.

Mtu ambaye hatalifungua gazeti hata siku moja ataliona jalada lake mezani kwa Katibu wa Tawi, au mkononi mwa jirani ndani ya basi, naye ataondoka na fundisho fulani. Ikiwa kila toleo linamwonyesha mgeni rasmi, fundisho lenyewe ni kwamba siasa ni shughuli ya wageni rasmi, na kazi ya mwananchi ni kupiga makofi. Makala ya ndani yaweza kueleza kwa kurasa kumi kwamba Chama ni cha wakulima na wafanyakazi. Jalada limekwisha kuikanusha.

Swali la kwanza basi ni hili: gazeti linasema na nani? FRELIMO, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962, ililijibu waziwazi. Ilikuwa na A Voz da Revolução kwa Kireno, kwa ajili ya wanachama na wapiganaji wake, na Mozambique Revolution kwa Kiingereza, lililotolewa Dar es Salaam kwa ajili ya marafiki wa nje. Vita ilikuwa moja, lakini haikudhaniwa kwamba mpiganaji wa Cabo Delgado na rafiki aliye Ulaya wangetosheka na ukurasa uleule.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni Tricontinental la Havana. Januari 1966 wajumbe wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini walikutana katika mji huo wakaunda OSPAAAL, shirika la mshikamano lililodumu hadi 2019. Gazeti lake lilikwenda nchi nyingi, kwa wasomaji wasiofanana kwa lugha wala kwa elimu. Msanii Alfredo Rostgaard, aliyeongoza kazi za sanaa za shirika hilo katika miaka yake ya mwanzo, na wenzake walichora mabango yaliyokunjwa na kutiwa ndani ya gazeti. Msomaji alilitoa bango, akalibandika ukutani, na ukuta ukawa ukurasa mwingine. Maneno yalikuwa machache mno, mara nyingi mstari mmoja kwa Kihispania, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kwa hiyo ilibidi picha yenyewe ibebe hoja.

Chukua bango la mshikamano na Afrika lililoonyesha sanamu ya kale ya Kiafrika imeshika bunduki ya kisasa. Mabeberu walikuwa wamezifungia sanamu za namna ile katika makabati ya vioo huko Ulaya, kana kwamba ni mali ya watu waliokwisha kupita. Bango liliwajibu bila aya hata moja. Au bango la Rostgaard la mwaka 1972 juu ya Nixon: kadiri msomaji alivyofungua mikunjo, ndivyo uso wa kiongozi yule ulivyogeuka zimwi. Mkunjo uliokuwapo ili bango lienee ndani ya gazeti ulifanywa kuwa sehemu ya hoja.

Wala tusidhani kwamba walikuwa na mali nyingi. Cuba ilikuwa na uhaba wa karatasi na wino, hasa baada ya Marekani kuiwekea vikwazo mwaka 1962. Huko Oakland, ndani ya Marekani yenyewe, Emory Douglas wa chama cha Black Panther alitumia wino mweusi na mara nyingi rangi moja tu ya ziada, kwa mistari minene kama iliyochongwa kwenye ubao. Aliowachora walikuwa akina mama, wazee na watoto wa mitaa ya maskini, na hao ndio waliolinunua gazeti.

Kurasa za ndani zina hesabu yake. Karatasi moja ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4. Kwa hiyo gazeti linalobanwa kwa pini mgongoni huenda kwa nne nne. Makala zikijaza kurasa 33, ama ukurasa mmoja ukatwe, ama zichapwe 36. Mhariri asiye na ujasiri wa kukata hotuba hupunguza herufi. Mwenye kuadhibiwa ni mzee asomaye jioni kwa kibatari. Mistari mirefu kutoka ukingo hadi ukingo nayo humpoteza msomaji jicho linaporudi kushoto. Safu mbili zafaa zaidi. Siku hizi kompyuta imeongeza kishawishi kingine, cha kutumia aina kumi za herufi kwa kuwa zipo.

Wako ndugu watakaosema kwamba picha ya kiongozi hujenga umoja. Kuna nyakati zake. Mwalimu alipofariki mwaka 1999, hakuna jalada jingine lililostahili. Lakini chama kinachopigania uhuru hujua upesi gazeti lake likikataliwa, kwa sababu halinunuliwi. Chama kinachotawala hakipati onyo hilo: marobota hupelekwa wilayani kwa gari la ofisi, na yakifika huhesabiwa kuwa yamesomwa.

Kwa sababu hiyo rasimu ya jalada ibandikwe sokoni au kiwandani kabla ya kuchapwa, na wapitao waulizwe inasema nini. Majibu yaandikwe kama yalivyo. Wakitaja tu jina la mtu aliye pichani, mchoro urudishwe kwa msanii kabla mpiga chapa hajalipwa.