Je, Wajua? Gari Linalozimika Foleni Huenda Halina Shida ya Pampu

Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kuunguza kilo 1 ya mafuta, na uwiano huo huvurugika kwa urahisi zaidi gari likiwa limesimama huku injini inaunguruma, maana hapo hewa inayopita ni kidogo mno. Ndiyo maana gari linalozimika foleni lakini linapanda mlima bila kukohoa si la kukimbiliwa kwa pampu mpya ya mafuta (na pampu si bei ya karanga): pampu iliyochoka huumbuka mlimani, injini inapodai mafuta mengi. Mshukiwa wa kwanza ni masizi kwenye ukingo wa kilango cha hewa, au mpira wa vakyumu uliopasuka, unaofyonza hewa kwa sauti ya "sss". Gari likizimika likishapata joto, kisha likawaka likipoa, ishuku sensa ya krenki, yaani kihisi cha mzunguko wa injini. Utasema mashine ya kupima itataja kosa. Mara nyingi hutaja, lakini hutaja saketi iliyolalamika, si lazima chanzo. Na mpira uliopasuka waweza usiache msimbo wowote wa kosa. Kabla ya kununua kifaa, mwambie fundi gari huzimika wakati gani.