Juma na Asha Hawaishi Tunduma

Nikisahihisha insha za kidato cha pili hapa Tunduma, nakuta wahusika karibu wote wanaitwa Juma na Asha. Wanaishi mji usio na jina, likizo wanakwenda ufukweni, na mwisho lazima wajifunze kutii wazazi. Nje ya dirisha malori ya Zambia na Kongo yamepanga foleni, vijana wamekumbatia mabunda ya kwacha wakitafuta wa kubadilishana nao, na nusu ya darasa wana shangazi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Hayo hayaingii kwenye daftari.

Kijana wa miaka 14 ukimuuliza yeye ni nani, atakutajia kabila na dini, kisha atanyamaza. Mpe kisa akisimulie, atalazimika kuchagua: nani anaongea, anamwitaje bibi yake, anaona haya kwa lipi. Humo ndimo anamojitambua, na mara nyingine anashtuka.

Kwa hiyo mada ya "Siku nisiyoisahau" nimeiweka kando. Nawaambia waandike kisa cha jina lao. Wanyamwanga, walioko pande zote mbili za mpaka, wana majina ya ukoo yanayoanza na Si- kwa wanaume na Na- kwa wanawake: kaka ni Simwinga, dada ni Namwinga. Shuleni binti mara nyingi anaandikishwa kwa jina la baba. Msichana mmoja aliandika jinsi bibi yake alivyofika getini kumuulizia kwa jina la nyumbani. Mwalimu wa zamu akapekua rejesta, akamjibu mtoto huyo hayupo. Neno "utamaduni" hakulitaja popote. Nilimpa alama ambazo sijazoea kutoa.

Kazi kubwa, ajabu, iko kwenye sarufi. Vijana wanapenda -ka-: akaenda, akafika, akasalimia, akarudi. Kisa kinateremka kama bodaboda isiyo na breki. Nawasimamisha pale panapouma. Bibi alikuwa amesimama wapi? Ameshika nini? Alikuwa akisema Kinyamwanga au Kiswahili cha kubahatisha? Maneno yake nataka yaachwe yalivyotoka mdomoni, yawe ya Kinyiha au Kindali. Wenzangu wengine wananilaumu, wanasema mtihani unataka Kiswahili sanifu. Msimulizi namdai usanifu huo. Bibi hafanyi mtihani.

Tahadhari ipo. Kwenye mji wa mpakani, mtoto akiandika ukweli wa nyumbani anaweza kuandika njia za panya, gunia la sukari na saa mama anayovuka. Insha za namna hiyo sizisomi mbele ya darasa. Namwonyesha mwandishi jinsi ya kubadili bidhaa, mtaa, hata jinsia ya mhusika, huku woga ukibaki ule ule.

Nchi hii iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika imesimuliwa zamani. Mwaka 1993 mwanahistoria Mmarekani Marcia Wright alichapisha Strategies of Slaves and Women, kitabu cha maisha ya watu waliopitia utumwa karne ya 19. Yumo Narwimba, mwanamke aliyefiwa na mume, akatekwa, akatoroka. Nawasimulia kisa chake kwa maneno yangu, kisha nawauliza: kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Yeye alisimulia, lakini aliyeandika ni mmisionari wa Moravian, Elise Kootz-Kretschmer. Narwimba angemsimulia binti yake mambo yale yale? Darasa linagawanyika, na kengele ya kipindi inalia bado wanabishana.

Baada ya hapo nawatuma kwa wazee wao, kwa sharti moja: ulichoandika umsomee aliyekusimulia, akusahihishe. Babu mmoja wa Mbozi alisikiliza mpaka kwenye mahari, akamkatiza mjukuu na kuongeza ng'ombe wawili. Bibi, aliyekuwa jikoni, akawapunguza watatu.

"Mwalimu, sasa niandike wangapi?" kijana akaniuliza.

Nikamwambia aandike ugomvi wote.