Mapenzi ya Simu na Mtego wa Mali

Katika soko la mpakani Busia, mwuza dagaa aliyetoka Masafu hapokei noti bila ya kuitazama vyema. Mgeni atakaye kukopeshwa bidhaa naye huulizwa kwao ni wapi na ni nani amjuaye. Ada hii njema ya kuuliza yatupasa sasa kuihamishia katika simu zetu.

Twasema hivi kwa kuwa matapeli wa intaneti wamebuni ulaghai unaoanza kwa mapenzi na kuishia katika kitega uchumi cha bandia. Ujumbe huja kana kwamba umepotea njia. Mgeni huomba radhi, hutuma picha nzuri, kisha kwa majuma kadhaa humjulia hali mwenzake asubuhi na jioni. Fedha haombi. Siku moja hutaja faida aliyoipata katika sarafu za kidijitali, akajitolea kumfundisha.

Programu anayoileta huonyesha akiba ikipanda kila siku. Mhasiriwa ajaribupo kutoa kiasi kidogo, hulipwa. Malipo hayo ndiyo chambo! Akisha kuuza ng'ombe au kukopa ili aongeze, huambiwa alipe "kodi" kwanza ndipo atoe mali yake. Haitoki kamwe, kwani tarakimu zile ni maandishi matupu. Aliyedhani anatega uchumi ndiye aliyetegwa.

Huenda hata mwandishi wa maneno yale matamu ni mateka. Mwezi wa Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa katika kambi za utapeli karibu na Myawaddy, nchini Myanmar, mpakani na Thailand. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Kenya na Uganda, na wengi walikuwa wamehadaiwa kwa ahadi ya kazi nzuri.

Ndugu msomaji, hatukatazi mtu kupenda. Lakini mpenzi usiyepata kuonana naye akikuhimiza uweke fedha, mwonyeshe ndugu au rafiki ujumbe wake kabla ya kutuma hata shilingi moja. Na aliyekwisha kunaswa asijifiche kwa aibu: asilipe tena, ahifadhi ujumbe wote, aiarifu polisi na kampuni ya simu au benki mara moja. Ukimya wake humfaa tapeli peke yake. Wahenga walinena: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.