Tanzania: Muhuri wa noteri hutoka kwa wakili, lakini si kila mwenye muhuri ni wakili

Mfanyabiashara anayetoka Kigali kufuatilia mzigo wake katika bandari ya Dar es Salaam hukutana mapema na swali dogo lenye uzito: nani athibitishe saini yake? Hapa Rwanda jibu ni jepesi. Yupo noteri wa serikali, na tangu sheria ya mwaka 2014 wapo pia noteri binafsi. Akiulizia ofisi ya noteri mitaani Dar es Salaam, hata hivyo, huenda akazungushwa bure, kwa kuwa neno hilo halimo katika mazungumzo ya kila siku. Ataelekezwa kwa wakili.

Sababu imo katika sheria ya Tanzania inayohusu noteri na makamishna wa viapo, yaani Sura ya 12 ya sheria za nchi hiyo. Kazi ya kuthibitisha hati na kupokea viapo imefungamanishwa na uwakili. Anayetaka kuwa noteri hana budi kwanza kuwa wakili.

Safari yenyewe si fupi. Huanza kwa shahada ya kwanza ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo katika Shule ya Sheria ya Tanzania iliyoko Dar es Salaam, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hapo ndipo wengi hukwama. Oktoba 2022 yalitangazwa matokeo yaliyozua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, ni 26 tu waliofaulu masomo yote, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa masomoni. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ili kuchunguza chanzo. Wapo waliolaumu shule, na wapo waliolaumu vyuo vikuu kwa kuwapeleka vijana wasioiva. Lawama zote mbili zilikuwa na nafasi yake.

Anayefuzu huwasilisha maombi kwa Jaji Mkuu, na akikubaliwa huapishwa na jina lake huingizwa katika Orodha ya Mawakili. Kuanzia hapo anahitaji leseni ya kufanya kazi, ambayo huhuishwa kila mwaka.

Hitaji hilo la kuhuisha leseni ndilo linalomhusu zaidi mgeni. Wakili wa kweli anaweza kuwa na ofisi, joho na muhuri, ilhali leseni ya mwaka huo hajailipia. Tena wapo wasiowahi kuwa mawakili kabisa, ambao Watanzania huwaita vishoka. Kishoka huonekana nje ya majengo ya mahakama na ofisi za umma; bei yake ni nafuu na hana foleni. Hati aliyoigonga muhuri hupokewa siku hiyo bila tatizo. Tatizo huja baadaye, pindi mzozo unapofika mahakamani na upande wa pili ukauliza aliyeshuhudia saini ni nani. Kujikinga si kazi kubwa: Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambamo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la wakili na kuona kama anaruhusiwa kufanya kazi.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mteja anaweza kuyakagua mwenyewe kabla hajaondoka ofisini. La kwanza, sheria humtaka anayepokea kiapo aandike jina lake, mahali na tarehe kiapo kilipotolewa. Hati za kiapo zimewahi kutupwa na mahakama za Tanzania kwa kukosa mambo haya yanayoonekana madogo. La pili, wakili anayemtetea mtu katika shauri hawezi kupokea kiapo cha mteja huyo katika shauri hilohilo. Ni lazima aende kwa mwingine. Wenye haraka hulisahau hili.

Kenya nayo imefuata mkondo wa sheria za Kiingereza, lakini imeweka ngazi moja zaidi: wakili hawi noteri kabla hajafanya kazi ya uwakili kwa miaka isiyopungua 5.

Hati iliyothibitishwa nchini mmoja haikubaliki moja kwa moja nchini pengine. Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, ulioanza kutumika hapa tarehe 5 Juni 2024, baada ya Burundi iliyotangulia mwaka 2015. Baina ya nchi wanachama, cheti kimoja cha mamlaka husika hutosha. Hati inayokwenda katika nchi isiyo mwanachama, au inayotoka huko, bado hupitia njia ya zamani: noteri, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Mwenye mzigo bandarini ahesabu siku hizo kabla ya kupanda basi la Rusumo.